Mikono mitatu, mgawaji mmoja

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni dereva wa watalii, naishi Sakina hapa Arusha, nina mke na watoto wawili. Nakuandikia kuhusu karata. Tafadhali usinianzie na habari za dhambi, hizo nimeshazisikia za kutosha kwa mama mkwe.

Masika hii wageni wamekatika. Gari limepaki, tipu hakuna, kijiweni tunakaa tu tunasubiri Juni. Mwenzangu mmoja akanipeleka kasino moja mjini, akanifundisha blakjeki. Kwa wasomaji wako wasioijua: unapewa karata mbili, mgawaji naye anachukua mbili, moja yake unaiona. Karata za picha zote ni kumi, ree unaihesabu moja au kumi na moja. Unaongeza karata mpaka uridhike, ila ukipita 21 umeliwa. Baada ya hapo mwenye kubwa ndiye anayekula. Niliupenda mchezo huu kwa sababu si kama zile mashine za kubonyeza. Hapa angalau kichwa kinafanya kazi.

Nilianza na mkono mmoja, yaani seti moja ya karata na dau lake, wa 5,000, ndicho kiwango cha chini cha meza. Nilikuwa nakula kidogo, naliwa kidogo, narudi nyumbani. Sasa pale huwa anakuja mzee mmoja wa biashara ya madini, huyo anacheza mikono mitatu peke yake. Akaniambia, "Dogo, mkono mmoja ni kujinyonga. Ukiwa na mitatu lazima mmoja ule, nao unaibeba mingine. Halafu unazifagia karata nzuri kabla hazijamfikia mgawaji." Nikaona ana hoja.

Masharti ya pale ni kwamba ukitaka zaidi ya mkono mmoja, kila mkono usipungue 10,000. Nikajaribu. Usiku ule wa kwanza nilitoka na faida ya 420,000, Mjomba, nikapita Mnara wa Saa natembea kama mji wote ni wangu. Blakjeki yenyewe, yaani ree na kumi kwa mara moja, kwa dau la 10,000 wanakupa 12,000 juu yake, na siku ile zilinijia mfululizo.

Tangu hapo mambo hayakai sawa. Kila Ijumaa naenda, nakaa kama saa nne, na mara nyingi narudi mtupu. Nikipiga hesabu nimeshaliwa 1,150,000. Kati ya hizo 700,000 ni ada ya muhula wa Julai, ambayo mama watoto anajua ipo kwenye simu. Hilo halina shida, nitairudisha kabla Juni haijaisha.

Swali langu ni la ufundi tu. Je, mikono mingi inasaidia kweli au mzee amenipoteza? Kama inasaidia, ipi bora, miwili au mitatu? Na kwenye simu kuna blakjeki unayoweza kucheza mikono mitano kwa mpigo, hiyo unaionaje?

Dereva, Sakina

*

Marahaba mpwa wangu,

Mzee wa madini amekupoteza, ingawa katika maneno yake kuna chembe moja ya ukweli, na nitakuonyesha ilipo. Umeuliza ufundi, basi tuanze na ufundi.

Chukua neno lake la kwanza, kwamba kati ya mikono mitatu lazima mmoja ule. Kwanza si lazima. Pili, hata ukila, mmoja umeingiza 10,000 na miwili imetoa 20,000. Umeshinda mkono na umepoteza pesa. Huyo aliyebebwa ni nani?

Lakini kosa kubwa liko chini zaidi. Wewe unaiona mikono mitatu kama bahati tatu zinazojitegemea. Hazijitegemei, kwa sababu zote zinapambana na karata zilezile za mgawaji. Tuseme una 19, 18 na 17, mikono mizuri tu ya kumfanya mtu akae vizuri kwenye kiti. Mgawaji ameonyesha kumi, anafunua ya pili, kumi nyingine. Yote mitatu imekwenda kwa pigo moja. Wewe ni dereva, unalijua hili kuliko mimi: magari matatu yakifuatana kwenye njia moja na mto umejaa mbele, hayana nafasi tatu za kuvuka.

Na kinyume chake ndicho kilichokupa zile 420,000. Mgawaji hupita 21 takriban mara 28 katika kila raundi 100. Akipita, kila mkono wako ambao bado uko hai unalipwa, mitatu kwa pamoja. Usiku ambao anapita mara nyingi kidogo kuliko kawaida, mwenye mikono mitatu anaona kama amegundua siri. Hajagundua kitu. Ameweka pesa nyingi upande mmoja na upande huo ukaangukia kwake.

Hapo uliposema "siku ile zilinijia mfululizo" nilisoma mara mbili, ila si kwa sababu ya bahati yako. Ni kwa sababu ya zile 12,000. Blakjeki ya asili, ile iliyozoeleka katika meza nzuri duniani, hulipa tatu kwa mbili: dau la 10,000 unapewa 15,000 juu yake. Meza yako inalipa sita kwa tano. Wanakupunja 3,000 kila unapopata karata bora kuliko zote mezani, nawe unaisimulia kama zawadi. Blakjeki huja wastani wa mara moja katika mikono 21. Tofauti hiyo peke yake inaongeza faida ya kasino kwa karibu asilimia 1.4 ya kila shilingi unayoiweka. Meza ya tatu kwa mbili yenye masharti mazuri, na mchezaji asiyekosea, kasino hubaki na nusu ya asilimia hivi. Meza yako, hata kwa mchezaji asiyekosea, inakaribia asilimia 2.

Sijasema wanakuibia. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inasimamia nyumba hizi kwa sheria ya mwaka 2003, na kasino haina haja ya kuchezea karata. Faida yake imo ndani ya mchezo wenyewe: wewe unatangulia. Ukipita 21, dau lako linachukuliwa papo hapo, na hata mgawaji naye akipita dakika moja baadaye, harudishi. Ndiyo maana katika mikono 100 utakula kama 43, utatoka sare 8 au 9, na iliyobaki, 48 au 49, utaliwa. Vitu vinavyopunguza pengo hilo ni vitatu: kudabo dau wakati mzuri, yaani kuliongeza mara mbili na kuchukua karata moja tu; kugawanya jozi, yaani karata mbili zinazofanana unazifanya mikono miwili, kila mmoja na dau lake; na malipo ya blakjeki. Hicho cha tatu meza yako imekikata.

Sasa twende kwenye pesa zenyewe, na hapa naomba ushike kalamu.

Zamani ulikuwa unaweka 5,000 kwa raundi. Meza yenye watu kadhaa huenda raundi kama 60 kwa saa, kwa hiyo katika saa moja unapitisha 300,000 mezani. Asilimia 2 yake ni 6,000. Hiyo ndiyo bei uliyokuwa unailipia starehe yako, sawa na soda na mishikaki ya kutosha.

Mikono mitatu inapunguza mwendo kidogo, tuseme raundi 50. Lakini ni mikono 150 ya 10,000, yaani 1,500,000 kwa saa. Asilimia 2 yake ni 30,000. Kwa saa nne ni 120,000, kila Ijumaa, na hiyo ni kwa mtu anayecheza bila kosa hata moja. Wewe, kwa jinsi ninavyokusoma, unacheza kwa hisia. Mchezaji wa hisia huongeza asilimia moja au mbili za kwake mwenyewe juu ya hizo. Kwa hiyo usiniambie mambo hayakai sawa. Yamekaa sawa kabisa, ndivyo yalivyopangwa.

Umeona kilichotokea? Hukuhama kutoka mkono mmoja kwenda mitatu. Ulihama kutoka 5,000 kwenda 30,000 kwa raundi, mara sita. Sharti lile la 10,000 kwa kila mkono halikuwekwa kwa bahati mbaya. Kasino nyingi duniani huongeza kiwango cha chini, mara nyingi kwa kukidabo, kwa anayetaka zaidi ya mkono mmoja. Ungekuwa ufundi unaowaumiza wao, wangeuwekea ada ya kuuzuia au wangeupiga marufuku. Wao wanakuvutia kiti.

Faida na hasara za muda mfupi nazo zinavimba. Kwa mkono mmoja wa 5,000, baada ya saa moja ni kawaida kabisa kuwa juu au chini kwa elfu arobaini hivi. Kwa mikono mitatu ya 10,000, kawaida hiyo inakuwa kama 180,000 kwa saa, na kwa saa nne inazidi 350,000. Kwa hiyo 420,000 ya usiku wa kwanza haikuwa muujiza wala ishara. Ilikuwa wimbi la kawaida la mtu aliyeweka pesa nyingi, na wimbi hilo linakwenda pande zote mbili, huku asilimia 2 ikilivuta upande wa kasino taratibu bila kelele.

Chembe ya ukweli niliyokuahidi ni hii. Ukichukua dau lilelile ukaligawa, pesa yako inapanda na kushuka kwa upole zaidi. Mtu aliyeamua kuweka 20,000 kwa raundi, akiweka 10,000 na 10,000 badala ya 20,000 kwenye mkono mmoja, mtikisiko unapungua kama asilimia 17. Haupungui zaidi ya hapo kwa sababu ile niliyokwambia, mgawaji ni mmoja. Na bei haibadiliki hata senti: asilimia 2 ya 20,000 ni 400 kila raundi, uigawe usiigawe. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili, miwili au mitatu, ni kwamba kwa shilingi ileile hakuna iliyo bora kwa faida. Kuna iliyo laini zaidi. Ila huwezi kulitumia hilo hata kidogo ukiwa na bajeti ya 5,000, maana meza haikuruhusu kugawa 5,000.

Kuna watu ambao mikono mingi inawafaa kweli. Mwaka 1962 mwanahisabati wa Marekani, Edward Thorp, alionyesha kwa hesabu kwamba mtu anayefuatilia karata zilizokwisha kutoka anaweza kujua lini zilizobaki zimejaa kumi na ree nyingi. Wakati huo, na wakati huo tu, mchezaji ndiye mwenye faida, mara nyingi asilimia moja hivi. Watu hawa wakiona nafasi hiyo hufungua mkono wa pili, kila mmoja ukiwa kama robo tatu ya dau ambalo wangeweka kwenye mkono mmoja. Wanaingiza pesa zaidi wakiwa na faida, bila kuongeza hatari ya kufilisika. Nafasi ikipita, wanarudi kwenye dau dogo. Angalia mpangilio wao: kwanza faida, ndipo mikono. Wewe na mzee mmeanza na mikono. Na juu ya meza ya sita kwa tano, hata hao hawakai, wanapita tu.

Hoja ya kufagia karata nzuri kabla hazijamfikia mgawaji, nitaipitisha haraka. Hujui karata inayofuata ni ipi. Ukiichukua, una uwezekano uleule wa kumnyang'anya nzuri au kumwondolea mbaya. Wachezaji wakongwe hugombana sana kuhusu nani kakaa kiti cha mwisho na nani "kaharibu" karata. Wanakumbuka mara alizoharibu, zile alizowaokoa hawazikumbuki.

Jambo la mwisho la ufundi ni moja ambalo sijaliona kwenye barua yako kabisa, na linaniambia mengi. Mwaka 1956 askari wanne wa jeshi la Marekani walichapisha hesabu za namna ya kucheza kila mkono, walizozipiga kwa mashine za kawaida za kujumlisha. Baada yao kompyuta zilizirekebisha kidogo tu. Ukiwa na 16 na mgawaji ameonyesha 7, unaongeza. Ukiwa na 12 naye ameonyesha 5, unabaki. Ree mbili unazigawanya, nane mbili unazigawanya, kumi mbili huzigusi. Bima wanayokuuzia mgawaji akionyesha ree, yaani dau la pembeni kwamba ana blakjeki, unaikataa, kwa kuwa inakula zaidi ya asilimia 7 ya kile unachokiweka humo. Hayo yote yanaingia kwenye karatasi moja. Mtu ambaye hajaikariri, mikono mitatu inampa nafasi tatu za kukosea kwa raundi badala ya moja, tena kwa haraka, na mgawaji anamtazama.

Halafu fikiria hili: una mikono mitatu, 30,000 yote iko mezani, mfukoni umebaki na 10,000. Mkono mmoja una 11 na mgawaji ana 6, hapo ndipo pa kudabo. Mwingine una nane mbili, pa kugawanya. Unahitaji 20,000 na huna. Inabidi uache mojawapo, na hizo ndizo nafasi chache ambazo mchezo huu unakupendelea wewe. Nina hakika limeshakutokea.

Blakjeki ya simu ya mikono mitano: kwa ile ya programu, karata huchanganywa upya kila raundi, kwa hiyo hata akina Thorp hawana cha kufuatilia. Hakuna mgawaji wa kuchoka, hakuna wa kusubiri, raundi inaisha kwa sekunde. Hesabu yangu ya kwa saa unaijua sasa, izidishe mwenyewe. Iondoe kwenye simu hiyo, hasa kwa kuwa simu ndiyo unakoweka ada.

Na sasa ada. Uliandika "hilo halina shida" ukaruka mstari, ukadhani sitaliona. Ulisema swali ni la ufundi tu, lakini mtu mwenye 5,000 za starehe haulizi ufundi wa mikono mitatu. Anayeuliza ni mwenye 1,150,000 za kurudisha. Hesabu ya kurudisha ni hii: meza inayokutoza 30,000 kwa saa haikurudishii 700,000. Inaweza kukupa usiku mmoja mzuri, kama ule wa kwanza, na huo usiku mzuri ndio uliokugharimu hizo zingine zote. Pesa ya ada itatoka kwenye gari Juni wageni wakirudi, siyo kwenye karata.

Kwa hiyo fanya hivi wiki hii. Nenda shuleni kabla hawajakuita, uombe kulipa Julai kwa awamu. Shule nyingi hukubali mzazi anayekuja mapema na tarehe mkononi. Muone tajiri wa gari, umwombe safari za kwanza za msimu, hata zile za siku moja za Tarangire ambazo mnazikwepa. Nenda kwa meneja wa kasino mchana, siyo Ijumaa usiku, umwombe akuzuie mlangoni. Ukiona aibu kumwomba hilo, au ukiahirisha mpaka Ijumaa ipite, niandikie tena, maana tatizo litakuwa limeshatoka kwenye karata na utahitaji kuonana na daktari au mshauri ana kwa ana, siyo mimi wa gazetini.

Mama watoto mwambie kabla ya kwenda shuleni, asije akalisikia kwa mhasibu. Na umtajie 1,150,000 yote. Usianze na laki saba.

Mjomba